Umbo na Hatia: Herufi za Tannenberg na Suala la Maana ya Umbo katika Uhakiki

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi andishi hushughulika na maneno, na ni nadra kwa mhakiki kusita na kuitazama sura ya herufi zinazoyabeba maneno hayo. Herufi huchukuliwa kama mtungi: mwenye kiu hutazama maji, hautazami udongo uliofinyangwa. Hata hivyo, kabla msomaji hajasoma neno la kwanza la kitabu, gazeti au bango, macho yake yamekwisha kupokea habari fulani kutokana na unene wa herufi, pembe zake na mpangilio wake. Gérard Genette, katika kitabu chake Seuils cha mwaka 1987, aliiweka sura ya chapa miongoni mwa mambo yanayoizunguka matini na kuathiri namna inavyopokewa, sambamba na jalada, anwani na dibaji.

Makala haya yanachunguza seti moja ya herufi za Kijerumani, yaani Tannenberg, iliyobuniwa na Erich Meyer kati ya mwaka 1933 na 1935 katika kiwanda cha kusubu herufi cha D. Stempel mjini Frankfurt. Seti hii ni ya jamii ya herufi za Kigothi na ilitumiwa zaidi katika vichwa vya habari, majalada na mabango. Sababu ya kuiteua ni kwamba historia yake fupi inalijaribu vizuri swali ambalo limewasumbua wahakiki wa fasihi nyingi, ya Kiswahili ikiwamo: je, umbo lina maana yake lenyewe, au hupewa maana na wanaolitumia? Na ikiwa hupewa, je, umbo laweza kubebeshwa hatia ya waliolitumia?

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba umbo halizaliwi na maana, wala halibaki tupu. Jina, wakati na kazi huliandikia maana juu ya maana, na jukumu la mhakiki ni kuzisoma tabaka hizo moja moja badala ya kuzichukulia kuwa damu ya umbo lenyewe.

Usuli wa Herufi za Kigothi

Wajerumani huziita herufi za namna hii herufi zilizovunjwa, na jina hilo linaueleza muundo wake kuliko jina la Kigothi. Katika herufi za Kirumi, ambazo ndizo zinazotumiwa leo kuandika Kiswahili, mkono wa mwandishi hupinda bila kukatika. Herufi o ni duara au yai. Katika herufi za Kigothi mpindo huo huvunjwa. Kalamu bapa husimama, hugeuza mwelekeo na kuanza upya, hivi kwamba o huwa umbo lenye pembe. Mistari ya wima husongamana, na ukurasa mzima huonekana mweusi kama mkeka uliofumwa kwa ukindu uliokolezwa rangi.

Umbo hili lilikuwa limekwisha kukomaa katika miswada ya Ulaya ya Kaskazini kabla ya kuzuka kwa upigaji chapa. Johannes Gutenberg alipochapisha Biblia yake ya Kilatini mjini Mainz, kazi iliyokamilika mnamo 1455, alisubu herufi zilizoiga mwandiko wa aina ya Tekstura kwa sababu huo ndio uliotarajiwa katika vitabu vya ibada. Katika mapokeo haya wataalamu hubainisha jamii kuu nne, nazo ni Tekstura, Rotunda, Schwabacher na Fraktura. Fraktura ilipata sura yake ya chapa katika kitabu cha sala cha Kaisari Maximilian wa Kwanza, kilichopigwa chapa na Johann Schönsperger wa Augsburg mwaka 1513. Tafsiri ya Agano Jipya ya Martin Luther ya mwaka 1522 ilipigwa chapa kwa Schwabacher.

Italia, Ufaransa na hatimaye Uingereza zilizielekea herufi za Kirumi, lakini Ujerumani iliendelea kutumia mifumo miwili kwa pamoja. Kanuni iliyozoeleka ilikuwa kwamba maneno ya Kijerumani yapigwe chapa kwa Fraktura na maneno ya lugha za kigeni kwa herufi za Kirumi, hata yakiwa katika sentensi moja. Fraktura ilikuwa pia na kazi ya kiisimu. Ilitofautisha s ndefu, iliyotumiwa mwanzoni na katikati mwa silabi, na s fupi ya mwishoni. Neno Wachstube, likiandikwa kwa s ndefu, lilikuwa chumba cha walinzi. Likiandikwa kwa s fupi, lilikuwa kichupa cha nta. Hapa umbo lilibeba maana iliyo bayana, ila maana hiyo ilitokana na kanuni ya lugha, haikutokana na roho ya taifa.

Fauka ya hayo, herufi hizi hazikuwa mali ya itikadi moja. Manifesto ya Chama cha Kikomunisti ya Karl Marx na Friedrich Engels ilitolewa London mwaka 1848 kwa lugha ya Kijerumani, na jalada lake ni la herufi za Fraktura. Hakuna msomaji wa wakati huo aliyeshangaa. Herufi iliyobeba Injili ndiyo iliyobeba wito wa mapinduzi, kwa sababu kwa msomaji wa Kijerumani ilikuwa herufi ya kawaida.

Ukawaida huo ulianza kuyumba katika karne ya kumi na tisa. Jacob Grimm, mtafiti mashuhuri wa lugha ya Kijerumani, alizipinga herufi za Kigothi, na kamusi kuu aliyoianzisha na nduguye ilianza kutolewa mwaka 1852 kwa herufi za Kirumi. Kwa upande mwingine waliibuka watetezi walioiona Fraktura kuwa uso wa Ujerumani. Mwaka 1911 bunge la Ujerumani lilijadili pendekezo la kuzipa herufi za Kirumi nafasi kubwa zaidi shuleni na serikalini, na pendekezo hilo halikupita. Tangu hapo kuchagua herufi kulikuwa kuchagua upande, na umbo lililokuwa la kawaida likawa nembo.

Muundo na Jina la Tannenberg

Herufi zilizobuniwa baada ya Adolf Hitler kutwaa madaraka Januari 1933 zilizaliwa katika mazingira hayo. Tannenberg haikuwa peke yake; ilikuwa na ndugu zake, kama vile Element ya Max Bittrof, na nyingine zilizopewa majina ya National na Deutschland. Majina yenyewe yanatangaza nia.

Ukiichunguza Tannenberg kwa makini, jambo la kwanza linalojitokeza ni kile kilichoondolewa. Mikia myembamba, vipindo na mapambo ya Fraktura ya karne zilizotangulia havimo. Mistari inakaribiana kwa unene, mashina ya herufi yamesimama wima, na miguu yake imekatwa bila madaha. Kilichobaki kutoka kwenye mapokeo ni ule uvunjwaji wa mipindo. Matokeo yake ni herufi inayosomeka kutoka mbali, inayojaza bango, na inayoonekana kama safu ya watu waliopangwa.

Hapa ndipo lilipo fumbo la kwanza. Upunguzaji huo wa mapambo haukutoka katika mapokeo ya Kigothi. Ulitoka kwa wapinzani wake. Katika miaka ya 1920 wabunifu wa kisasa nchini Ujerumani walikuwa wametetea herufi za Kirumi zisizo na vikono wala mapambo. Jan Tschichold alichapisha kitabu chake juu ya sanaa mpya ya chapa mwaka 1928, na Paul Renner alikuwa ametoa herufi zake za Futura mwaka 1927. Wote wawili walikamatwa mwaka 1933; Renner alipoteza kazi yake mjini Munich, na Tschichold alikimbilia Uswisi. Hata hivyo, unyoofu na wepesi wa mistari walioupigania ndio unaoonekana katika herufi zilizotangazwa kuwa za Kijerumani halisi. Kwa hakika Tannenberg ni ndoa ya mahasimu: mifupa ni ya Kigothi, ngozi ni ya kisasa. Umbo lililonadiwa kuwa la asili lilikuwa limekopa kwa jirani aliyefukuzwa. Wapiga chapa wenyewe walililenga jambo hili kwa kejeli walipozibandika herufi za aina hii lakabu iliyounganisha herufi zisizo na vikono na buti ndefu za askari.

Jina nalo lahitaji kusomwa kama matini. Tannenberg ni jina la mapigano ya Agosti 1914 katika Prussia Mashariki, ambapo majeshi ya Ujerumani chini ya Paul von Hindenburg yaliyashinda majeshi ya Urusi. Mapigano hayo yalitokea katika eneo pana, na jina la kijiji cha Tannenberg liliteuliwa kwa makusudi, kwa kuwa ni katika sehemu hizo ambapo mashujaa wa shirika la kidini la Kijerumani walishindwa na majeshi ya Poland na Lithuania mwaka 1410. Kwa kuliteua jina hilo, ushindi wa 1914 ulifanywa kisasi cha tukio la karne tano nyuma. Hindenburg alifariki Agosti 1934, wakati seti hii ingali ikibuniwa, na akazikwa katika mnara wa kumbukumbu uliojengwa huko. Kwa hiyo herufi zilizoitwa Tannenberg zilibeba kaburi, kisasi na ushindi kabla ya kutumiwa kuandika neno lolote.

Kwa istilahi za Ferdinand de Saussure, uhusiano kati ya kiashiria na kiashiriwa ni wa nasibu. Roland Barthes, katika Mythologies ya mwaka 1957, alionyesha jinsi ishara iliyokamilika inavyoweza kugeuzwa kiashiria cha ishara ya pili, na jinsi maana hiyo ya pili inavyojifanya kuwa ya maumbile. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Tannenberg. Katika ngazi ya kwanza herufi t iliashiria sauti. Katika ngazi ya pili sura ya t hiyo iliashiria taifa, na ilifanywa ionekane kana kwamba haijapata kuashiria kingine.

Matumizi na Marufuku

Tannenberg ilitumiwa katika vitabu, magazeti, nyaraka na matangazo, na Shirika la Reli la Ujerumani liliitumia katika mabango ya vituo. Katika vituo vya chini ya ardhi vya reli ya kaskazini-kusini ya Berlin, vilivyofunguliwa kati ya 1936 na 1939, majina ya vituo kama Anhalter Bahnhof na Oranienburger Straße yangali yanasomeka ukutani kwa herufi za Kigothi za mtindo uo huo. Abiria aliyeshuka hapo hakuhitaji kusoma hotuba ya chama. Jina la kituo lilitosha kumwambia yuko chini ya utawala gani.

Pamoja na hayo, uhusiano kati ya utawala na herufi hizi haukuwa wa moja kwa moja. Katika mkutano mkuu wa chama mwaka 1934 Hitler mwenyewe aliwakejeli wapenzi wa ukale waliotaka kuurudisha Ugothi, pamoja na herufi zake, katika zama za chuma, kioo na saruji. Kisha, tarehe 3 Januari 1941, Martin Bormann alituma waraka kwa niaba ya Hitler uliotangaza kwamba ni kosa kuziita herufi za Kigothi za Kijerumani. Waraka ulidai kwamba asili yake ni herufi za Schwabacher, na kwamba hizo ni herufi za Kiyahudi. Dai hilo halikuwa na msingi wowote wa kihistoria. Herufi za Kirumi ziliamriwa kuwa ndizo za kutumiwa, na zikapewa jina la herufi za kawaida. Nakala ya waraka huo iliyohifadhiwa imeandikwa kwenye karatasi ambayo jina la chama limepigwa chapa juu yake kwa herufi zile zile zilizokuwa zikipigwa marufuku.

Wanahistoria huyaeleza mabadiliko hayo kwa sababu za kiutawala. Kufikia 1941 Ujerumani ilikuwa imeteka sehemu kubwa ya Ulaya, na wasomaji wa nchi zilizotekwa walizoea herufi za Kirumi. Dola iliyotaka kutii amri zake Paris na Oslo haikuweza kutumia herufi zilizosomeka vyema Leipzig tu. Lakini lenye uzito zaidi kwa mhakiki ni mantiki iliyotumika. Mwaka 1933 iliaminiwa kwamba herufi hizi zina damu ya Kijerumani, kwa hiyo zitumike. Mwaka 1941 ilidaiwa kwamba zina damu ya Kiyahudi, kwa hiyo zipigwe marufuku. Hukumu zilipingana, lakini msingi wake ulikuwa mmoja: imani kwamba umbo lina damu.

Imani hiyo haikufa mwaka 1945. Baada ya vita herufi za Kigothi, hususan za mtindo wa Tannenberg, zilikuja kuhusishwa na utawala uleule uliozipiga marufuku, na makundi ya siasa kali za kibaguzi yalizitwaa kwa sababu hiyohiyo. Wakati huohuo jina la gazeti la Frankfurter Allgemeine Zeitung, na vilevile majina ya The New York Times na The Daily Telegraph, yanapigwa chapa kwa herufi za Kigothi pasipo msomaji kuona ila ukongwe na heshima. Vyeti vya shahada katika vyuo vikuu vingi, vikiwamo vya Afrika Mashariki, hutumia herufi za jamii hiyo ili kuipa karatasi haiba ya mamlaka. Wanamuziki wa roki na rapu wamezitumia kuashiria uasi. Mtu anayesema kwamba herufi za Kigothi ni za Kinazi anasahau Gutenberg, Luther na Marx, na bila kukusudia anairudia mantiki ya Bormann. Lakini anayesema kwamba Tannenberg ni herufi tu, na kwamba yatosha kuupima urari wa mistari yake, naye anasahau vituo vya reli, jina na mwaka. Kosa la kwanza ni la kuliabudu umbo. La pili ni la kulivua historia yake.

Funzo kwa Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Kiswahili kilikutana na suala hili mapema kuliko inavyodhaniwa. Carl Velten alipochapisha Desturi za Wasuaheli mjini Göttingen mwaka 1903, matini ya Kiswahili ilipigwa chapa kwa herufi za Kirumi. Gazeti la Kiongozi, lililotolewa Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani, lilitumia herufi hizohizo. Kulingana na kanuni iliyokwisha kutajwa, Kirumi kilikuwa sura ya lugha za wengine. Kwa hiyo sura ya Kiswahili kilichochapishwa na Wajerumani iliafikiana na mpaka uliochorwa Ulaya kati ya Kijerumani na kisicho cha Kijerumani, na ilikiweka kando mapokeo ya karne kadhaa ya kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Baadaye herufi za Kirumi zilikuja kuitwa za kawaida katika Kiswahili pia, na neno hilo la kawaida, kama katika waraka wa 1941, huficha kwamba palikuwa na uteuzi.

Athari za uteuzi huo zimo katika uhakiki wenyewe. Katika miswada mingi ya tenzi iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, vipande vinne vya ubeti hupangwa katika mstari mmoja. Katika matoleo mengi ya Kirumi kila kipande huwekwa mstari wake. Mwanafunzi anayeusoma utenzi katika chapa huhesabu mistari minne mifupi, na kwake mabishano juu ya kipande na mshororo huonekana kuwa ya istilahi tu, ilhali yanatokana kwa kiasi fulani na kurasa mbili zisizofanana.

Aidha, mantiki ya damu ya umbo imejitokeza katika mgogoro wa ushairi. Tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wapo waliodai kwamba vina na mizani ndivyo vinavyoufanya ushairi uwe wa Kiswahili, na kwamba tungo huru ni za kigeni kwa asili yake. Wapo pia waliojibu kwamba arudhi ni pingu za kimwinyi ambazo haziwezi kubeba fikra za kimaendeleo. Kama ilivyokuwa mwaka 1933 na 1941, pande hizi zinapingana katika hukumu na kuafikiana katika msingi. Ulinganisho huu ni wa mantiki tu, na haukusudii kuzifananisha nia wala matokeo. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa 1973, inatosha kuutikisa msingi huo. Mashairi hayo yalitungwa katika gereza, na mtunzi wake, aliyefungwa kutoka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa kisiasa, aliyatunga kwa arudhi. Umbo linalodaiwa kuwa la kihafidhina lilibeba upinzani dhidi ya dola, kama vile Fraktura ilivyoibeba Manifesto ya 1848. Haifuati kwamba arudhi ni ya kimapinduzi kwa asili. Linalofuata ni kwamba mhakiki hana njia ya mkato: hana budi kuuliza ni nani aliyelitumia umbo, lini, dhidi ya nani, na wasomaji wake walikuwa wamezoea nini.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba Tannenberg haikuwa na maana moja hata katika muda mfupi wa uhai wake. Iliundwa kwa kukopa kutoka kwa mtindo uliolaaniwa, ikapewa jina la kisasi, ikatumiwa kutangaza taifa, kisha ikaangukiwa na marufuku ya utawala uleule ulioipa nafasi. Swali la iwapo umbo laweza kuwa na hatia linajibika kwa kutenganisha mambo mawili. Hatia ni ya watu na matendo yao. Umbo hubeba kumbukumbu ya matendo hayo, na kumbukumbu haifutwi kwa kusema kwamba mistari haina kosa. Kijiji cha Tannenberg leo kiko Poland na kinaitwa Stębark. Jina la zamani limebaki katika vitabu vya vita na katika seti ya herufi.

Kwa watafiti wa fasihi ya Kiswahili, kazi iliyo mbele ni kuurejesha ukurasa katika uhakiki. Mashairi ya Muyaka bin Haji yaliyotolewa na William Hichens mwaka 1940 yalimfikia msomaji wa kisasa baada ya kuhamishwa kutoka hati moja hadi nyingine, na hali ni hiyohiyo kwa sehemu kubwa ya ushairi wa kale. Mhakiki anayelinganisha mswada na chapa hatapata tofauti za tahajia pekee. Atapata pia maamuzi ya watu kuhusu mahali mstari unapoishia, herufi ipi ni ya kawaida na ipi ni ya wengine, na maamuzi hayo yanastahili kuhojiwa kwa uzito uleule unaotumika kuyahoji maneno.